ALIYEKIMBIA NA ALIYEBAKI



Katika toleo hili nilikuwa nimepanga kuendelea na somo la ndoa. Akina mama mnisamehe, tutalirudia. Nimeliweka kando kwa sababu ya neno lililosemwa hapa kwetu kwenye matanga, ambalo wengi mmekuwa mkiniuliza tangu siku ile.

Waliokuwepo wanakumbuka. Mgeni alikuwa ametoka nyumbani kuja kumzika dada yake. Usiku wa tatu, tukiwa tumezunguka moto, mazungumzo yakaingia habari za vita, na mmoja wetu akaanza kuhesabu taabu za ukimbizi: mgao unaopungua, kuni zinazotafutwa kwa hofu, watoto wasioijua nchi yao. Mgeni alisikiliza muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ya chini: "Ninyi mlikimbia. Mizigo yenu tuliibeba sisi." Hakutukana wala hakuinua sauti. Lakini watu walisimama, na kama si wazee matanga yale yangegeuka kitu kingine.

Asubuhi yake mama mmoja wa kwaya alinijia nikiwa nafungua kanisa. Akasema: "Pasta, niambie ukweli, usinifariji. Aliyekimbia alimkosea aliyebaki?"

Sikumjibu. Nilimwambia nipe muda. Na katika kufikiri kwangu nimejikuta nikirudi kwenye habari za watu wa mbali sana, ambao hawakujua kama Afrika ya kwetu ipo, lakini swali hili walilibeba kwa zaidi ya miaka 200.

Nilipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa historia ya Kanisa aligawa mada za insha kwa kura. Wenzangu walipata Luther, wakapata Wafiadini wa Uganda, mada zenye vitabu. Mimi nikaangukia utawala wa Wahispania katika Amerika ya Kusini. Nilinung'unika sana. Maktabani kulikuwa na kitabu kimoja tu juu ya jambo hilo, kimetoka jalada. Nilikisoma kwa ajili ya alama, halafu nikakisoma tena kwa ajili yangu mwenyewe, na tangu hapo kila nilipopata chochote kuhusu watu wale nimekisoma.

Hebu niwaeleze. Katika nchi inayoitwa leo Bolivia kuna mlima unaoitwa Potosí. Mwaka 1545 ilijulikana kwamba mlima ule umejaa fedha. Nasema fedha ile ya madini, ingawa sisi Waswahili neno letu ni moja kwa madini na kwa pesa, na labda hatukukosea. Sarafu zilizopigwa kwa fedha ya nchi zile zilizunguka dunia nzima hadi China, na jina la sarafu yao, real, ndilo lililozaa riyali ya Waarabu. Mji ukaota chini ya mlima, juu sana, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, mahali pa baridi kali pasipoota chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 wakazi wake walihesabiwa kuwa watu 160,000 hivi, mji mkubwa kuliko mingi ya Ulaya ya wakati ule.

Fedha haitoki mlimani yenyewe. Anahitajika mtu wa kuingia shimoni, na watu hawakutaka kuingia. Basi katika miaka ya 1570 mtawala mkuu wa Hispania huko Peru, Francisco de Toledo, alifanya mambo mawili. Kwanza aliwahesabu watu na kuwahamisha. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika vijiji vyao vilivyotawanyika wakakusanywa katika miji mipya, yenye kanisa katikati na njia zilizonyooka, ili waonekane na wahesabike. Pili, aliweka zamu. Wenyeji wa kule, Waquechua na Waaymara, zamu waliiita mita. (Siyo mita ya kupimia kitambaa, wala ile niliyoitaja hapo juu.) Zamu hiyo waliijua tangu enzi za wafalme wao, Wainka: mtu hutoka kijijini kwa wakati wake, hujenga barabara au hulima shamba la mfalme, hulishwa kutoka ghala la mfalme, kisha hurudi. Toledo alichukua jina lile lile la kale akalitia ndani kitu kingine. Wakoloni wengi wamefanya hivyo, na wasiokuwa wakoloni pia.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mikoa 16 ilitajwa. Katika kila mkoa, mwanaume mmoja kati ya saba, wa miaka 18 hadi 50, aende Potosí kwa mwaka mmoja. Jumla yao kama 13,500 kila mwaka. Waligawanywa mafungu matatu, fungu moja shimoni juma hili na mengine mawili yakipumzika. Kupumzika kwenyewe kulikuwa kutafuta kibarua, maana mshahara wa zamu haukutosha chakula cha mji ule. Kwa hesabu ya kwenye karatasi, zamu ya mtu ingemfikia mara moja katika miaka saba. Kwa kweli si mbaya sana, ungesema. Na Toledo aliona ni haki: kuna mshahara, kuna mapumziko, kuna mahakimu.

Mtu mmoja wa Kanisa, José de Acosta, aliyeona mashimo yale, aliandika kwamba wachimbaji walipanda kwa ngazi za ngozi iliyosokotwa, mshumaa umefungwa kwenye kidole gumba, mawe mgongoni ndani ya shuka, zaidi ya kilo 20. Nje walikuta upepo wa barafu na miili inatoka jasho. Wengi waliuawa na kifua. Wengine waliuawa na zebaki iliyotumika kusafishia fedha.

Lakini kilichonishika mimi siyo shimo. Ni safari. Kando ya Ziwa Titicaca kuna mahali panapoitwa Chucuito, nchi ya Waaymara. Kila mwaka Chucuito ilitoa wanaume 2,200. Padri mmoja aliyewaona wakiondoka mwanzoni mwa miaka ya 1600 aliandika kwamba pamoja na wake na watoto walikuwa zaidi ya watu 7,000, na wanyama wao lama (jamaa ya ngamia wasio na nundu) zaidi ya 30,000, wamebeba viazi vikavu na blanketi. Safari ilichukua kama miezi miwili, kwa kuwa wanyama hawakuweza kukimbizwa na watoto wa miaka mitano walitembea kwa miguu. Na aliandika kwamba wengi wa waliokwenda hawakurudi. Wapo waliokufa, na wapo waliobaki njiani au mjini.

Wapendwa, sisi tuliotembea na watoto hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo lilipo swali la mama wa kwaya. Idadi ile ya 13,500 ilitokana na watu waliohesabiwa katika miaka ya 1570. Baadaye ndui na surua vikaja, vikaja tena. Watu wakapungua sana. Lakini idadi ya kutolewa haikupunguzwa kwa kadiri ile, kwa sababu wenye migodi walikuwa na sauti kwa mfalme, nao walipiga kelele kila iliposemwa ipunguzwe. Kijiji kilichokuwa na wanaume 700 kilitakiwa kutoa 100. Kikibaki na 300, bado kinadaiwa kama zamani, au pungufu kidogo. Basi zamu iliyokuwa ya miaka saba ikawa ya miaka mitatu, na mahali pengine ikawa mwaka wa kwenda na mwaka wa kurudi. Someni Kutoka sura ya 5. Farao aliondoa majani ila hakupunguza hesabu ya matofali. Sijui kama ameshapatikana mtawala mwenye busara mpya katika jambo hili.

Watu wakaanza kukimbia.

Walikimbia usiku, walikimbia njiani wakienda Potosí, walikimbia wakitoka Potosí. Wengine walikwenda mabondeni kwenye joto, kwenye mashamba ya Wahispania, ambako bwana shamba aliwaficha kwa furaha kwa kuwa alihitaji mikono. Wengine walikwenda Oruro, mji mwingine wa migodi ulioanzishwa 1606, ambako mtu alichimba kwa mshahara wa hiari, na mwenye mgodi hakuuliza umetoka wapi. Wengine waliingia kijiji cha jirani tu, wakaoa huko. Popote walipofika waliitwa kwa Kihispania forasteros, yaani wageni, watu wa kuja. Waliobaki kwao waliitwa originarios, wenye asili. Na sheria ilikuwa hivi: zamu ya Potosí ni ya mwenye asili, kwa sababu yeye ana ardhi. Mtu wa kuja hana ardhi, hana haki, hana sauti kwenye mkutano wa kijiji, lakini haendi mgodini.

Mnaona biashara ile? Uache shamba la baba yako, uache makaburi, uache jina, nawe utapewa maisha. Kufikia hesabu kubwa ya mwaka 1683, iliyofanywa kwa amri ya mtawala mkuu mwingine, Duke wa La Palata, karibu nusu ya wanaume wa nchi ile ya juu walikutwa ni watu wa kuja. Nusu nzima! Sisi hapa tunapanga foleni toka alfajiri siku ya uhakiki ili tusikose kuhesabiwa, mtoto mchanga abebwe, mgonjwa abebwe. Wao walikimbia hesabu. Kuna viongozi wa vijiji waliowaficha vijana porini siku za kuhesabu, na kuna mapadri waliofanya hivyo hivyo, wengine kwa huruma, wengine kwa sababu vijana wale walikuwa wanalima mashamba ya padri. Wale wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, walimdanganya Farao na Mungu akawatendea mema, kwa hiyo mimi kwa waliodanganya kwa huruma sina neno.

Lakini kila aliyekimbia aliacha nafasi katika mstari, na nafasi ile ilijazwa. Ilijazwa na nani? Na ndugu yake, mjomba wake, jirani aliyekuwa amerudi juzi tu na kifua kibovu.

Na katikati alisimama mtu ambaye mimi humhurumia kuliko wote: kiongozi wa kijiji, waliyemwita kuraka. Huyu alikuwa mtu wao, wa ukoo wao. Serikali ilimwambia lete watu 100. Akileta 60, wale 40 ni deni lake. Aliweza kufungwa, kuchapwa, kuuziwa mifugo. Na kwa kuwa kila mtu asiyepatikana aliweza kufidiwa kwa fedha taslimu ya kuajiri mwingine, wenye migodi wengi waligundua kwamba fedha ile ni tamu kuliko mtu. Mgodi unaweza kuwa umekufa, umejaa maji, lakini fidia inaingia. Wahispania wenyewe waliwaita watu hao wa kwenye karatasi "Waindio wa mfukoni". Katikati ya miaka ya 1600 alikuwepo kuraka mmoja tajiri wa mahali paitwapo Machaca, Gabriel Fernández Guarachi, aliyelalamika kwamba mali yake nyingi imekwisha katika kulipia watu waliotoroka. Tusimfanye malaika. Makuraka wengine walijitajirisha humo humo, wakawatoza watu mara mbili. Lakini fikirini cheo ambacho ukikifanya vizuri unawapeleka watoto wa ndugu zako shimoni, na ukikifanya vibaya unafungwa wewe na anawekwa mwingine atakayewapeleka.

Hapo ndipo ninaona uovu wa ndani wa mpango ule. Shimo lilikuwa baya, lakini kulikuwa na baya jingine: uligeuza kupona kwa mtu mmoja kuwa mzigo wa mwenzake. Mhispania aliyeandika hesabu alikaa mbali, hata uso wake hawakuujua. Aliyeonekana ni jirani aliyetoroka. Hasira ikaenda kwa jirani.

Alikuwepo mtu mmoja mwenyeji, Felipe Guaman Poma de Ayala, aliyeandika barua kwa mfalme wa Hispania. Barua yenyewe ina kurasa karibu 1,200 na michoro 398 aliyoichora kwa mkono wake, akaimaliza kama mwaka 1615. Ilikuja kuonekana 1908 katika maktaba ya mfalme huko Copenhagen, na hakuna dalili kwamba mfalme aliyeandikiwa aliisoma. Ndani yake aliwashtaki wote: mahakimu, wenye migodi, mapadri wanaowasumbua wasichana (alikuwa Mkristo wa kweli, kwa hiyo hakuwaogopa). Lakini aliwakaripia pia watu wake walioacha vijiji na kwenda kuzurura mijini. Alitaka warudishwe kwao. Aliona kwamba kijiji kinakufa, na wanaokiua ni pamoja na wanaoondoka.

Ninamheshimu mzee huyu. Lakini nakumbuka pia kwamba yeye mwenyewe alishindwa kesi ya ardhi, na mwaka 1600 akahukumiwa viboko 200 na kufukuzwa katika mji wa nyumbani kwa miaka miwili. Alitembea nchi ile akiwa maskini. Alikuwa mtu wa kuja anayewakaripia watu wa kuja. Wakati mwingine tunayemkaripia sana ni yule tunayefanana naye, na hata katika mikutano yetu hapa nimeliona hilo.

Basi alikosa nani?

Jibu la kwanza nililolifikia ni jepesi, na bado naliona ni kweli: aliyekosa ni aliyeweka hesabu na kukataa kuipunguza. Ukiniwekea kisu mimi na ndugu yangu, ukasema mmoja lazima akatwe, nami nikaruka, hukuwa mimi niliyemkata. Bwana wetu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakiudhiwa katika mji huu wakimbilie mwingine (Mathayo 10). Na alipokuwa mtoto alikimbizwa usiku kwenda Misri.

Lakini mama wa kwaya aliniambia nisimfariji. Kwa hiyo lazima niseme na upande wa pili wa habari ya Misri, ambao sisi wahubiri wakati wa Krismasi hatupendi kuukaa. Yusufu alionywa akaondoka. Watoto wa majirani zake Bethlehemu walibaki, na tunajua kilichowapata. Biblia haimlaumu Yusufu hata kwa neno moja. Lakini haikuficha kilio cha mama za Bethlehemu ili Yusufu aonekane vizuri. Imeandika vyote viwili katika sura moja, Mathayo 2. Nadhani hapo tumefundishwa namna ya kuzungumza kwenye matanga.

Nikarudi kwa watu wa Potosí nikatafuta: je, wote waliokimbia walikata kamba? Hapana. Wapo waliobadili jina wasionekane tena, na siwezi kuwahukumu, maana wengine walikuwa hawana hata shati. Lakini wapo wengi ambao kuraka wao alijua walipo. Alituma mtu, au alisafiri mwenyewe, siku nyingi, kutoka bonde hadi bonde, akiwatembelea watu wake mmoja mmoja. Nao walimpa fedha. Walikuwa wamepona, hakuna askari aliyewashika, kuraka hakuwa na nguvu yoyote mahali pale, na bado walitoa, wengine mwaka hadi mwaka, ili waliobaki waweze kuajiri mtu wa kwenda badala. Na kwa kutoa, jina lao na kipande chao cha ardhi kilibaki kinatambuliwa nyumbani. Wanawake walishika kamba hiyo kwa namna yao. Wale waliowafuata waume zao Potosí waliketi sokoni wakauza majani ya koka, pombe ya mahindi, na mawe ya madini ambayo mume aliyatoa shimoni. Wenye migodi waliita mawe yale wizi, wachimbaji waliyaita haki ya mkono. (Na kuhusu hilo naona wachimbaji walikuwa na hoja.)

Kwa hiyo nilifikia neno ambalo namletea mama wa kwaya: kuna deni lisilotokana na dhambi. Yule mtu wa kuja hakutenda dhambi kwa kukimbia. Lakini kuna mtu alibeba. Hata kama aliyebeba alibebeshwa na mwingine, mgongo ni wake. Ukimwambia "mimi sikukosea" umesema kweli, ila hujamjibu, kwa sababu yeye hakuuliza kama umekosea. Yule mgeni wa matanga, kumbukeni maneno yake, hakusema mlikosa. Alisema tuliibeba.

Kaka mmoja wa vijana, nilipomwonyesha maandishi haya kabla hayajachapwa, alinipinga vizuri sana. Alisema: "Pasta, hao waliotuma fedha kwa kuraka, fedha iliishia wapi? Kwa mwenye mgodi! Si walikuwa wanaulisha mlima ule ule? Wangekimbia wote na kunyamaza, zamu ingekufa." Ni hoja nzito, na historia inampa nusu yake. Yule Duke wa La Palata alijaribu kuwaingiza watu wa kuja katika zamu. Ikashindikana, watu wakahama tena. Mwaka 1692 aliyemfuata alikubali yaishe, na idadi ya zamu ikashushwa hadi kama 4,000. Kutoka 13,500 hadi 4,000! Hakuna jeshi lililofanya hivyo. Miguu ya wakimbizi ndiyo iliyofanya. Waliodharauliwa kwamba wameacha wenzao ndio, bila kukusudia, waliopunguza mzigo wa wenzao kuliko ombi lolote lililoandikwa kwa mfalme. Hata kuraka José Gabriel Condorcanqui alikwenda Lima mwaka 1777 kuomba kwa adabu watu wake wa Tungasuca na vijiji vya jirani wasamehewe zamu ya Potosí. Alikataliwa. Mwaka 1780 alishika silaha kwa jina la Túpac Amaru, na tarehe 18 Mei 1781 aliuawa Cuzco kwa namna ambayo sitaiandika kwenye jarida linalosomwa na watoto. Zamu ilifutwa na bunge la Hispania mwaka 1812, na ikazikwa kabisa Bolivia ilipopata uhuru mwaka 1825.

Lakini nusu ya pili ya hoja ya kijana siikubali. Kati ya ile hesabu ya Toledo na mwaka 1692 ni zaidi ya miaka 100. Miaka 100 hiyo kuna watu walikaa kijijini. Kama waliokimbia wote wangenyamaza, wangepona wao na wajukuu wao, na vijiji vile vingekwisha kabisa. Havikuisha. Leo Kiquechua na Kiaymara vinazungumzwa na mamilioni ya watu, na kuna vijiji ambavyo majina yake ni yale yale ya orodha ya Toledo. Katika vingi wale watu wa kuja mwishowe walipewa ardhi na kuhesabiwa wenyeji. Mlima usingeweza kushindwa na waliokwenda peke yao, wala na waliobaki peke yao. Fedha ile ya kila mwaka, ndiyo, ililisha mlima. Lakini pia ilimpa mtu mmoja kifua kizima mwaka ule. Ukiwa ndugu wa mtu yule, hutasubiri nadharia.

Sasa niseme la kwangu, maana si haki niwapeleke hadi Bolivia halafu nijifiche.

Mwaka 2002, kwetu Kivu, watu wenye silaha walikaa kijijini kwetu wakaweka zamu ya kubeba. Kila siku ya soko watoke vijana kumi wabebe mizigo hadi mlimani, mwendo wa siku mbili. Wengine walirudi. Majina yaliandikwa na mzee wa kijiji kwenye daftari la shule, kwa sababu aliambiwa aandike. Jina langu liliwekwa juma la tatu. Usiku wa kabla yake nilivuka mto, nikatembea, na baada ya siku nyingi nikafika nchi hii. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nimehubiri ushuhuda wa usiku ule mara nyingi, jinsi Mungu alivyonitoa, na kanisa limepiga makofi.

Sehemu ambayo sikuwahi kuhubiri ni asubuhi yake. Walikuja na daftari, wakaita jina, hakuna mtu. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwenda juma lililotangulia, mabega bado yana vidonda. Akaitika yeye. Alirudi baada ya siku tano, lakini mgongo wake haukurudi kama ulivyokuwa, na hadi leo hawezi kuinua dumu la lita ishirini. Jambo hili nililijua miaka minane baadaye, kutoka kwa mtu mwingine. Yeye mwenyewe hajalitaja hata mara moja.

Baada ya yale matanga nilinunua muda wa maongezi nikampigia. Nilikuwa nimepanga maneno kama mtu aliyesoma. Nilianza: "Kaka, zamu yangu ya mwaka 2002..." Akanikata. Akasema: "Mdogo wangu, mvua zimeanza. Kipande chako kile cha karibu na mwembe, nimekilima kila mwaka usiseme ni pori. Watoto wanajua ni chako. Mwaka huu mgongo umekataa. Tuma pesa ya vibarua wawili, tupande mihogo kabla ya mwezi kwisha."

Nimetuma ya vibarua watatu. Jumatano ijayo baada ya maombi ya mchana nitakuwa ofisini. Yeyote aliye na daftari lake kama langu anakaribishwa. Na mama wa kwaya, naomba uje na yule mgeni kama hajaondoka.